Somo la Kaswende na Amana ya Nyumba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa zake. Rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Hili ni somo katika maradhi ya kaswende, ambayo wazee wa pwani waliyaita pia sekeneko. Watu huona haya kuyataja, na haya ni katika imani; walakini haya imzuiayo mtu kujifunza lililo wajibu wake haina sifa. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Basi mwanamume mwenye mke na watoto ni aula zaidi kuuliza, kwani maradhi haya hayakomei kwa yule aliyeyapata.

FASILI YA KWANZA: Asili ya maradhi haya

Kaswende huletwa na kijidudu chembamba mno, mfano wa uzi uliosokotwa, kisichoonekana kwa jicho tupu. Waliokigundua ni Schaudinn na Hoffmann, mjini Berlin, mwaka 1905. Huingia mwilini kwa kugusana na kidonda cha mwenye maradhi wakati wa jimai, na mama mwenye mimba huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Hakipatikani kwa kukalia kiti, wala kwa choo, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kuazimana nguo.

Wako wasemao kwamba mtu hupatwa kwa tego alilotegewa na mume mwenye wivu. Kauli hii ina madhara mawili. La kwanza ni katika imani, kwa kuwa humpeleka mtu kwenye ushirikina. La pili ni katika mwili: adhaniaye kuwa ametegwa humwendea mganga ili ateguliwe, na kidonda kikifunga chenyewe humshukuru mganga na kumlipa, ilhali maradhi yangalimo ndani yake.

Na tangu zamani watu hupenda kutupiana maradhi haya. Yalipoenea Ulaya tangu mwaka 1495, Wataliana waliyaita maradhi ya Wafaransa, na Wafaransa wakayaita maradhi ya Napoli. Na matabibu wa Kiarabu wakayanasibisha na Wafaranji. Kila kaumu ilimtupia jirani, na hapana aliyepona kwa kumtupia mwenziwe.

FASILI YA PILI: Namna yanavyomdanganya mtu

Kwanza hutoka kidonda mahali kijidudu kilipoingilia, aghalabu baada ya majuma matatu, na huenda ikawa baina ya siku 10 na siku 90. Mara nyingi kidonda hiki ni kimoja, kigumu, wala hakiumi. Huweza kuwa mahali pa siri pasipoonekana, khasa kwa mwanamke, naye asijue kabisa kuwa anacho. Baada ya majuma matatu hadi sita hufunga chenyewe, kimetiwa dawa au hakikutiwa.

Hapa ndipo penye hadaa kubwa. Mtu huona ngozi imerudi kama ilivyokuwa, naye husema, “Alhamdulillahi, nimepona.” Hakupona. Baadaye huweza kutokwa na vipele mwilini, hata katika viganja vya mikono na nyayo za miguu, pamoja na homa, uvimbe wa tezi, na nywele kunyonyoka mabaka mabaka. Haya nayo hupita. Kisha maradhi hunyamaza, pengine miaka mingi, bila dalili yoyote. Na baadhi ya wasiotibiwa huja kupatwa baada ya miaka 10, au 20, au 30, katika moyo na mshipa wake mkubwa, au katika ubongo. Macho, masikio na ubongo huweza kudhurika hata mapema kuliko hivyo.

Kwa hiyo kufunga kwa kidonda si ushahidi wa kupona. Ushahidi wa kaswende iliyonyamaza hutafutwa katika damu.

FASILI YA TATU: Haki ya mke na mtoto

Mke mwenye mimba akiwa na kaswende isiyotibiwa, mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa maiti, au kabla ya wakati wake, au hai naye ana maradhi katika mifupa, macho au masikio. Pengine mtoto huzaliwa hana dalili, kisha zikamdhihirikia baadaye. Na yote haya huzuilika mama akipimwa mapema na kupigwa sindano ya penisilini. Isicheleweshwe: inayopigwa chini ya siku 30 kabla ya kuzaa haitoshi kuaminiwa kuwa imemkinga mtoto. Ndiyo sababu mwenye mimba hupimwa damu mara ya kwanza aendapo kliniki, na inampasa mumewe apimwe pia. Mke akitibiwa na mume asitibiwe, mume humrudishia maradhi yale yale.

Suala: Mke amepimwa, akaonekana ana kaswende. Je, yafaa mumewe aseme kwamba amezini?

Jawabu: Hasha, haifai. Kipimo cha damu hakisemi maradhi yaliingia lini, wala yalitoka kwa nani. Huenda mume ndiye aliyekuja nayo kutoka katika ujana wake, kidonda kikafunga naye akasahau. Huenda mke alikuwa nayo kabla ya ndoa hii, au alizaliwa nayo. Na vipimo vingi vya haraka huendelea kuonyesha kuwa mtu anayo hata baada ya kutibiwa akapona. Tena buba, ambayo huambukiza watoto kwa kugusana ngozi tu pasipo jimai, huletwa na kijidudu kilicho ndugu wa kile cha kaswende, na vipimo vya damu vya kawaida havipambanui baina yao. Basi mtu mzima aliyeugua buba utotoni aweza kuonekana kama mwenye kaswende. Sheria imetaka mashahidi wanne kwa neno la zina, na katika Sura ya Nur imewekwa adhabu ya mijeledi 80 kwa mwenye kuwasingizia wanawake watahirifu. Tone la damu si mashahidi wanne. Mume aliyetoa talaka mlangoni mwa kliniki kwa ajili ya kipimo huenda amemdhulumu mkewe kwa maradhi aliyomletea mwenyewe.

FASILI YA NNE: Tiba

Zamani tiba ilikuwa zebaki, nayo iliwadhuru wengi. Mwaka 1910 ilitolewa dawa ya Ehrlich na Hata iliyotengenezwa kwa arseniki. Kisha mwaka 1943 Mahoney na wenziwe, huko Marekani, walionyesha kwamba penisilini huponya kaswende, na hata leo ndiyo dawa iliyotangulia zote. Kaswende changa hutibiwa kwa dozi moja ya sindano ya penisilini ikaayo mwilini muda mrefu. Iliyokaa zaidi ya mwaka, au isiyojulikana muda wake, kwa dozi tatu, kila juma moja. Ikiwa imefika katika ubongo au macho, ina tiba yake nyingine hospitali. Asiyepatana na penisilini amwambie tabibu kabla ya sindano. Mgonjwa huweza kushikwa na homa na kuumwa kichwa katika siku ile ya kwanza. Asidhani kuwa dawa imemdhuru, wala asiache kurudi.

Ajizuie na jimai mpaka zipite siku saba baada ya tiba, na vidonda viwe vimefunga, na mkewe awe ametibiwa. Mwenye wake wawili au zaidi, wote wapimwe. Kisha arudi kupimwa damu kwa muda atakaopangiwa. Aliyepona aweza kuambukizwa tena. Tiba si kinga.

Suala: Mwenyezi Mungu amependa sitiri, na mja hakuamrishwa kutangaza dhambi zake. Je, yafaa mume amfiche mkewe maradhi haya?

Jawabu: Dhambi na maradhi ni mambo mawili. Dhambi ni baina ya mja na Mola wake, na toba yake ni kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Wala halazimiki kuisimulia. Ama maradhi, mke ana haki ndani yake, kwa kuwa yamo katika mwili wake au yatafika. Yamtosha mume kusema, “Nimepimwa, nimeonekana nina maradhi ya damu, twende nawe upimwe, utibiwe.” Sitiri ni vazi la mwenye kutubu, haikuwekwa iwe pazia la kumwua mtoto nyuma yake. Sheria imekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe.

FASILI YA TANO: Kinga

Kinga iliyo imara ni kujizuia na zina, na mume na mke kutosheka kwa halali yao baada ya kujua hali zao. Wanaotaka kuoana wapimwe kabla ya akdi, wala walii asione haya kulitaka jambo hili kwa ajili ya binti yake. Mpira wakati wa jimai hupunguza khatari, walakini hauikati yote, kwa kuwa kidonda huweza kuwa mahali usipofunika. Na khitani ni suna tukufu, lakini haimkingi mtu na kaswende, asijitumainishe nayo.

Mwenye kushuku nafsi yake, hata kwa jambo la miaka mingi iliyopita, na aende akapimwe kabla mkewe hajachukua mimba. Kipimo ni tone la damu, na kumwacha mtoto azaliwe kipofu kwa kuogopa tone hilo ni khiyana ya amana.

Ewe Mola, wasitiri waja wako, waponye wagonjwa wao, na uwahifadhi watoto walio matumboni mwa mama zao. Amin.

Wallahu aalam.