Pika Jumamosi, Kula Hadi Alhamisi: Somo la Githeri, Friza na Tokeni za Stima

Chukua simu yako, uitishe taarifa ya malipo ya mwezi uliopita, halafu uhesabu ni mara ngapi ulilipia chakula baada ya saa kumi na moja jioni. Mia moja hamsini ya maharagwe yaliyochemshwa. Mia ya mboga. Mia tatu ya chipsi kwa sababu ulichelewa kazini na watoto tayari walikuwa wanalia njaa. Kila moja ni kitu kidogo, na ndiyo maana haiumi. Lakini ukizijumlisha, mara nyingi utakuta hapo ndani kuna karo ya kumalizia ama pesa ya gesi ya miezi miwili.

Wiki hii tunafundisha jinsi ya kupika mara moja chakula cha siku nyingi, cha nyumbani na cha wageni, bila kukitupa na bila mtu kuugua. Pia tutaonyesha jinsi ya kupanga malipo yanayoandamana nacho. Tumechukua mfano wa Embu kwa sababu inafaa sana. Juu upande wa Manyatta na Runyenjes kuna chai, kahawa, ndizi na mboga. Ukishuka Mbeere, yaani Siakago, Kiritiri na Ishiara, unapata ndengu, kunde na mtama. Mchele wa Mwea uko hapo jirani tu. Chakula kikavu cha kuweka hakikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa saa tatu karibu na jiko siku ya Jumanne.

Kwa nini maharagwe yako hayaivi

Mji wa Embu uko kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Kule Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Embu huchemka karibu nyuzi 95. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa mahindi na maharagwe makavu ni tofauti ya muda mrefu na ya gesi nyingi. Kwa hivyo ukiambiwa na shemeji yako wa Mombasa kwamba yeye huchemsha kwa saa moja na nusu, usidhani umeuziwa maharagwe mabovu.

Ingawa wakati mwingine umeuziwa ya zamani. Maharagwe yaliyokaa sana ghalani huwa magumu na yanakula moto. Embu ina misimu miwili ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na mavuno hufuata baadaye. Muulize muuzaji haya ni ya msimu gani. Bei pia huwa afadhali mavuno yakishaingia sokoni, na huo ndio wakati wa kununua gorogoro kadhaa kwa mpigo.

Loweka usiku kucha kwenye maji mengi, kisha umwage hayo maji. Nyanya na ndimu zingoje mpaka maharagwe yawe laini, kwa sababu uchachu huyazuia kulainika. Magadi, ndiyo, huharakisha, lakini huharibu vitamini B1. Sisi tungesema uyaache kama umeloweka vizuri.

Jambo moja ambalo si la mzaha

Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini. Ukila kidogo tu ambayo hayajaiva, unaweza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Moto mkali huiua. Moto mdogo hauiui, na unaweza hata kuifanya iwe kali zaidi. Hapa ndipo wanaonunua sufuria ya umeme ya kupika polepole hukosea: wanatia maharagwe yaliyolowekwa, wanawasha, wanaenda kazini. Usifanye hivyo. Yachemshe kwanza kwenye jiko la kawaida, yatokote kwelikweli kwa dakika 30, ndipo uyahamishe.

Sheria hiyo hiyo ni ya kapu la kuivishia, lile kapu kubwa lililojazwa ndani mablanketi ya zamani ama sponji, na mto wa kufunika juu. Watu wengi huliona kama kitu cha maonyesho ya kilimo, na tunadhani wanalionea, kwani halili stima wala gesi hata kidogo. Chemsha githeri yako dakika 30 hadi 40, funika sufuria vizuri, itie kapuni ikiwa bado inatokota, weka mto, uondoke. Baada ya saa tatu au nne rudi uchemshe tena hadi itokote, uonje. Kama bado ni ngumu, rudisha kapuni.

Sufuria iwe imejaa au karibu kujaa, kwa sababu chakula kidogo hupoa haraka. Usifungue kuchungulia. Na usiliache kapu mpaka asubuhi: joto likishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu huanza kuzaana, na chakula kinaweza kuharibika kabla hakijanuka.

Hesabu ya gorogoro moja

Gorogoro ya maharagwe ni kama kilo mbili. Kilo mbili kavu, zikiiva, hukaribia kilo tano. Tuseme nyumba yako ina watu watano na kila mmoja anakula gramu 200 za maharagwe kwa mlo, pamoja na wali au chapati. Hiyo ni kilo moja kwa mlo, yaani milo mitano kutoka kwa gorogoro moja na moto wa siku moja. Sasa rudi kwenye ile taarifa ya simu, uone maharagwe yaliyochemshwa ya jioni tano yalikugharimu ngapi. Fanya hesabu hiyo kwa bei za soko lako wewe. Sisi hatuwezi kukufanyia kwa sababu bei ya Embu mjini si bei ya Ishiara.

Kutoka sufuria hadi friza

Chakula kikishaiva, kazi ya kwanza ni kukipoza haraka. Usikiache kwenye sufuria kubwa jikoni hadi usiku. Kigawe kwenye vyombo vipana, au uweke sufuria ndani ya beseni la maji baridi ukikoroga. Ndani ya saa mbili kiwe kimeingia kwenye friji. Wali unahitaji haraka zaidi, maana kuna vijidudu vya wali ambavyo hata ukipasha moto tena sumu yake hubaki.

Pakia kwa kiasi cha mlo mmoja. Hapa watu hujipa shida: wanagandisha kilo tano kwenye ndoo moja, halafu Jumanne usiku wanapambana nayo na kisu. Tumia mifuko safi ya chakula, uilaze iwe bapa, uache nafasi kidogo kwa sababu maji hupanuka yakiganda. Andika tarehe na jina. Njahi na maharagwe yaliyogandishwa hufanana kabisa, ni bora uandike.

Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, maharagwe, njahi, ndengu na mchuzi wa nyama hukaa vizuri miezi mitatu. Chapati pia, ukiweka karatasi safi kati ya moja na nyingine. Githeri igandishe bila viazi. Viazi vya kukatwa vikiganda huwa kama mchanga na maji. Utavitia siku ya kukaanga. Mukimo ni sawa kwa sababu vimeshapondwa. Kabichi, mayai ya kuchemsha na nyanya za kachumbari usijisumbue nazo.

Kwenye friji ya kawaida, bila kugandisha, panga siku tatu au nne. Na kama huna friji, bado kapu na maharagwe yaliyolowekwa yatakupunguzia kazi, ila upike cha siku hiyo tu.

Wageni wakija

Tuseme wageni ishirini wanakuja Jumamosi, ni watu wa ruracio, na hakuna nafasi ya kuaibika. Wiki mbili kabla, nyama ipikwe mchuzi na kugandishwa, chapati zisukumwe, njahi zichemshwe. Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi hamisha kila kitu kutoka friza hadi friji kiyeyuke humo. Usiyeyushe juu ya meza, maana nje hupata joto wakati katikati bado ni barafu. Siku yenyewe unabaki na wali ama pilau, mboga na kachumbari. Kila kilichoyeyuka kichemke hadi kitokote, si kupashwa vuguvugu.

Kuna wazee ambao hawataki kusikia chakula cha wageni kimetoka friza, na shosho wengi watakuambia hiyo si heshima. Tunawaelewa. Kaanga kitunguu, nyanya na dania fresh, utie mchuzi humo, na nyumba itanuka upishi wa asubuhi hiyo.

Pesa ya karamu kama hii mara nyingi hutoka kwa ndugu kadhaa, mmoja Nairobi, mwingine Meru, mwingine Chuka. Chagueni mtu mmoja wa kupokea, na muamue tarehe ya mwisho iwe kabla ya siku ya kununua nyama, si asubuhi ya wageni. Mpokeaji aangalie salio lake mwenyewe. Ujumbe uliosambazwa kwenye kikundi, ama picha ya ujumbe, si ushahidi wa malipo. Hizo hutengenezwa na mtu yeyote mwenye simu. Vilevile kwa chama kinachonunua gunia pamoja: gunia la kilo 90 ni kama gorogoro 45, na watu tisa wakigawana kila mmoja anaondoka na tano. Mlipe kwa till ya muuzaji, jina lionekane kabla ya kuweka PIN, na ujumbe ubaki kwa mtunza hazina kama risiti. Akikuambia, "Till imeharibika, tuma kwa namba hii ya kijana wangu," simama kwanza. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi unalipa ada ya kutuma, na mzigo ukikosekana huna rekodi ya duka.

Stima, ambayo ndiyo mtihani

Friza haina faida kama tokeni huisha ukiwa ushago. Kabla ya kununua moja, tazama stika ya nyota ya EPRA inayoonyesha yuniti inazotumia kwa mwaka, ugawanye kwa 12. Fahamu pia kwamba tangu bei mpya za Aprili 2023, wateja wa nyumbani wanaotumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi wako kwenye daraja la bei ya chini kabisa. Nyumba yenye taa, televisheni na chaji za simu inaweza kuwa humo. Ukiongeza friza, huenda ukapanda daraja, na kila yuniti, hata ya taa, ikawa ghali zaidi. Wengine bado watafaidika. Mtu mmoja anayeishi peke yake Kangaru na kununua nyama robo kilo pengine hatafaidika, na tunaona ni heri asinunue.

Ukiiona friza ya bei rahisi kwenye mtandao na mwenyewe anataka "deposit kidogo tu ya kuishikilia," usitume. Nenda uione imechomekwa, inaganda, ndipo ulipe. Asiyekubali uione, chukulia kwamba friza haipo.

Tokeni za Kenya Power hulipwa kwa paybill 888880, na nambari ya akaunti ni nambari ya mita yako. Hifadhi nambari hiyo kwenye simu badala ya kuikumbuka, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa, jirani ndiye anayewashiwa taa. Ujumbe wa tokeni una tarakimu 20. Ukichelewa, usilipe mara ya pili papo hapo. Angalia kwanza kama malipo ya kwanza yamekatwa. Na usimpe PIN mtu anayepiga simu wakati huo huo akisema ni wa stima ama ni sisi. Sisi hatuulizi PIN, hata mara moja.

Stima ikipotea, usifungue friza. Iliyojaa hushikilia baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Ndiyo maana inafaa kujaza nafasi tupu kwa chupa za maji: yakishaganda, yanashikilia baridi. Stima ikirudi, kagua kifurushi kimoja kimoja. Kile ambacho bado kina barafu ndani kinaweza kugandishwa tena, ingawa kitapoteza ladha kidogo. Kilicholainika lakini bado ni baridi kama cha friji, pika leo. Kilichokaa na joto zaidi ya saa mbili kitupwe, hata kama kinanuka vizuri, hata kama ni ile nyama ya wageni.