Somo la Nne: Kuchagua na Kupika Mlo Bora wa Familia kwa Vyakula vya Mara

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza:

1. kulipima pishi lolote kabla ya kulifuata;
2. kununua dagaa, unga, mafuta na chumvi vyenye ubora;
3. kuandaa unga wa muhogo usiodhuru afya;
4. kupika mlo kamili wa familia kwa vyakula vinavyopatikana Musoma, Bunda na Butiama.

Utangulizi

Mwaka 1973 ilitungwa sheria iliyoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, kampeni ya Chakula ni Uhai ilipeleka elimu ya lishe vijijini kwa njia ya redio na vikundi vya kujisomea. Ujumbe wa msingi wa miaka ile ungali ule ule: kushiba si lazima kuwa ndiyo kulishwa. Tumbo laweza kujaa ugali, na mwili ukabaki na njaa ya vitu ambavyo ugali hauna.

Kaya nyingi za Musoma, Bunda na Butiama hazipo mbali na chakula bora. Ziwa Viktoria hutoa dagaa, sato na sangara. Mashamba hutoa muhogo, mtama, ulezi, mahindi, viazi vitamu, kunde na karanga. Mifugo hutoa maziwa. Mgagani, mchicha, mlenda na majani ya kunde huota hata kandokando ya nyumba wakati wa mvua. Pungufu kubwa lipo katika mpangilio wa sahani: ugali huwa mkubwa, kitoweo kidogo, mboga chache, na tunda husahauliwa kabisa.

Sahani iliyokamilika

Mlo kamili huchukua chakula kutoka makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, vyakula vya jamii ya kunde, karanga na mbegu zenye mafuta, vyakula vinavyotokana na wanyama, wakiwamo samaki, mboga, matunda, na mafuta kwa kiasi kidogo. Si lazima makundi yote yawe katika sufuria moja, bali yatimie katika siku.

Njia rahisi ya kupima ni kwa macho. Mboga na matunda vichukue karibu nusu ya chakula cha mtu, na nusu iliyobaki igawanywe kati ya ugali, wali au viazi kwa upande mmoja, na dagaa, samaki, maharage, mayai au nyama kwa upande mwingine. Familia iliyozoea kupima shibe kwa ukubwa wa ugali isibadilishe yote kwa siku moja. Ianze kwa kuongeza fungu moja la mboga na kipimo kimoja cha dagaa, na kuupunguza ugali kidogo kidogo.

Fundisho la mwaka 1985

Umuhimu wa mpangilio huu ulionekana kwa uchungu katika mkoa huu huu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa ukanda wa ziwa katika iliyokuwa Wilaya ya Tarime walipooza miguu kwa ghafla. Walioathirika zaidi walikuwa wanawake na watoto. Uchunguzi ulionesha kuwa huo ni ugonjwa wa konzo, jina lililotoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Konzo hauambukizi. Hata hivyo, madhara yake katika mishipa ya fahamu hayaondoki, na aliyeupata huishi nao maisha yake yote.

Sababu zilikuwa mbili, nazo zilikutana. Kwanza, muhogo mchungu hustahimili ukame, lakini una viini vinavyotoa sumu ya sianidi. Njaa ilipobana, watu walifupisha siku za kuuandaa, na sumu ikabaki katika unga. Pili, mwili una uwezo wa kuiondoa sianidi ukipata protini zenye salfa, ambazo hupatikana kwa wingi katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Wakati wa ukame kitoweo kilikuwa haba, na uwezo huo ukapungua.

Hapa mlaji apate fundisho lililo wazi. Muhogo ni chakula chema, na ndio uliookoa kaya nyingi katika miaka ya njaa. Unadhuru pale unapoandaliwa kwa haraka na kuliwa peke yake siku baada ya siku. Kwa hiyo kitoweo kilicho kando ya ugali wa udaga si anasa ya wenye uwezo. Ni sehemu ya kinga.

Kuandaa unga wa muhogo

Muhogo mchungu usiliwe mbichi wala kuchemshwa tu kama muhogo mtamu. Umenywe, ulowekwe katika maji kwa siku tatu hadi tano mpaka ulainike, kisha ukaushwe vizuri juani ndipo usagwe. Wanaoufunika muhogo katika lundo ili uchachuke wahakikishe ukungu wote umekwanguliwa kabla ya kuanika. Kumenya, kukatakata na kuanika siku moja au mbili pekee hakutoshi kuiondoa sumu.

Mnunuzi wa unga sokoni hawezi kujua uliandaliwa kwa siku ngapi. Ipo njia ya kuongeza usalama nyumbani, isiyohitaji gharama:

1. Tia unga katika bakuli na uweke alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia.
2. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Acha kuongeza maji unapoifikia tena alama.
3. Tandaza unga huo wenye unyevu juu ya mkeka au turubai safi, unene wake usizidi sentimita moja.
4. Uache kwa saa mbili juani, au saa tano kivulini. Katika muda huo sianidi hugeuka kuwa hewa na kutoka.
5. Upike siku hiyo hiyo. Usiuhifadhi ukiwa na unyevu.

Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka na kuanika. Inaongezwa juu yake. Mtu akipata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu au kulegea mwili saa chache baada ya kula muhogo, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye miguu yake imekuwa mizito au imekakamaa ghafla.

Kununua kwa macho yaliyofunguka

Dagaa. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini, na kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa, hutoa pia madini ya kujenga mifupa ya watoto. Chagua dagaa wenye rangi ya fedha inayong'aa, wakavu, wasio na harufu ya kuoza wala ukungu. Muulize muuzaji kama walianikwa juu ya chanja au mchangani. Walioanikwa mchangani huuzwa pamoja na mchanga, na mnunuzi hulipia uzito usiolika. Dagaa wanaoonekana wa bei nafuu kwa kipimo wanaweza kuwa ghali baada ya kuoshwa.

Karanga na mahindi. Usinunue zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, hata zikipunguzwa bei. Ukungu huo huweza kuzaa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Unga na mafuta ya viwandani. Tafuta nembo ya vyakula vilivyoongezwa virutubishi, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Mafuta yenye nembo hiyo yameongezwa vitamini A.

Chumvi. Nunua yenye madini joto, na uihifadhi katika chombo chenye mfuniko. Mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwamo iliyomo ndani ya viungo vya pakiti na vyakula vya viwandani.

Wapi pa kupata mapishi, na jinsi ya kuyapima

Mapishi mazuri hupatikana karibu. Muulize mhudumu wa kliniki ya mama na mtoto, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au afisa lishe wa halmashauri yako. Hudhuria Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambako mara nyingi mapishi hufundishwa kwa vitendo. Waulize pia wazee wa nyumbani. Mgagani uliotiwa maziwa, kunde zilizopondwa na uji wa ulezi vilikuwapo kabla ya vyakula vya pakiti.

Pishi liwe limetoka redioni, kwenye simu, kwa jirani au katika tangazo la biashara, liulize maswali haya matano:

1. Je, vitu vyake vinapatikana katika soko langu bila kuvuruga bajeti ya wiki?
2. Je, lina mboga, na lina chakula cha kujenga mwili?
3. Je, mafuta, chumvi au sukari vinaweza kupunguzwa bila kuliharibu?
4. Je, watoto na wazee wa nyumba yangu wataweza kulila?
5. Anayelieleza, je, anauza kitu ndani yake?

Jibu la swali la tano likiwa ndiyo, tafuta kilicho ndani ya bidhaa hiyo na ukilinganishe na chakula cha kawaida. Mara nyingi dagaa, karanga au maziwa hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo.

Pishi la mfano: dagaa wa karanga, mgagani wa maziwa na ugali mchanganyiko

Kwa watu sita: unga wa muhogo ulioandaliwa kama ilivyoelezwa, vikombe vitatu, unga wa mtama au ulezi, vikombe viwili, dagaa wakavu, vikombe vitatu, karanga zilizokaangwa na kusagwa, kikombe kimoja, nyanya nne, vitunguu viwili, mgagani au mchicha, mafungu manne, maziwa, kikombe kimoja, mafuta, vijiko viwili vya chakula, limau moja, chumvi kidogo.

1. Osha dagaa kwa maji ya vuguvugu, ukibadilisha maji mpaka mchanga uishe. Usivitupe vichwa, isipokuwa vikiwa vichungu kwa familia yako. Wachuje.
2. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta, tia nyanya, kisha dagaa. Koroga karanga katika vikombe viwili vya maji na umimine. Acha vichemke kwa moto mdogo dakika 15, ukikoroga karanga zisishike chini.
3. Osha mboga kabla ya kuzikata, kwa sababu mboga zilizokatwa hupoteza virutubishi majini. Zipike na kitunguu kilichobaki kwa maji kidogo, sufuria ikiwa na mfuniko, mpaka zilainike. Tia maziwa na uache yachemke.
4. Songa ugali kwa kuchanganya unga wa aina zote mbili. Punguza maji uliyoyazoea, kwa kuwa unga wa muhogo tayari una unyevu.
5. Kamulia limau juu ya mboga wakati wa kula. Limau na matunda husaidia mwili kuyapokea madini chuma. Chai hupunguza kazi hiyo, basi inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula.
6. Malizia kwa papai, embe, pera au tunda lingine la msimu.

Mtoto aliyetimiza miezi sita atolewe sehemu yake, ipondwe mpaka ilainike, na aendelee kunyonya. Dagaa walioondolewa mchanga, wakakaushwa na kusagwa, waweza kuongezwa katika uji wake wakati ungali ukichemka. Sehemu ya mtoto na ya mama mjamzito itengwe mapema. Desturi ya kuwapa wengine kitoweo kwanza, na mama na watoto kubaki na mchuzi, iachwe.

Familia isiyotumia dagaa siku hiyo ipike kunde, maharage au mayai. Samaki achemshwe au apikwe kwa mchuzi mara nyingi zaidi kuliko kukaangwa, na mafuta yaliyokwisha kukaangia na kuwa meusi yasirudiwe.

Muhtasari

Kwanza, mpangilio wa sahani ni muhimu kuliko ukubwa wake. Pili, muhogo uandaliwe kwa siku zake, wala usifupishwe kwa sababu ya njaa au haraka. Tatu, usile ugali wa muhogo bila kitoweo. Nne, pishi lipimwe kabla ya kufuatwa, na bidhaa ikaguliwe kabla ya kulipiwa.

Maswali ya kujipima

1. Taja makundi sita ya chakula, na utoe mfano mmoja wa kila kundi kutoka soko la karibu nawe.
2. Ni sababu zipi mbili zilizokutana mwaka 1985 na kuleta konzo?
3. Eleza hatua tano za kulowanisha unga wa muhogo nyumbani.
4. Kwa nini dagaa wa bei nafuu wanaweza kuwa ghali?

Kazi ya nyumbani: Andika vyakula vyote vilivyoliwa na familia yako kwa siku tatu. Weka alama kwenye kundi lililokosekana mara nyingi, kisha mkubaliane pamoja chakula kimoja cha kundi hilo mtakachokiongeza wiki ijayo.