Leseni ya Bunduki na Mlango wa Kilabu

Katika somo hili tutazungumza juu ya swali moja ambalo watu hubishana nalo sana katika vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita. Mtu mwenye leseni ya bastola au gobole, je, anaweza kuingia nayo mahali pa kunywea pombe?

Uliza swali hili Katoro, Rwamgasa au Kakola, utapata majibu mengi. Huyu atasema, "Leseni ninayo, natembea nayo popote." Yule atasema, "Mradi asinywe." Wa tatu atasema, "Mradi haionekani, imefichwa chini ya koti." Kila mmoja anasema kwa sauti kubwa kama hakimu, na leseni yenyewe hakuna aliyeisoma.

Kwanza tuelewe kwa nini bastola zinafika vilabuni. Huku kwetu kuna dhahabu na kuna ng'ombe, na vyote viwili huuzwa kwa fedha nyingi. Mwaka 2019 Serikali ilianza kufungua masoko ya madini, na soko la Geita lilikuwa miongoni mwa ya kwanza. Kabla ya hapo dhahabu nyingi iliuzwa chumbani, njiani, hata grosari. Mnunuzi aliyebeba fedha aliogopa majambazi, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini fedha zikishagawanywa baada ya duara kutema, watu huenda wapi? Huenda kunywa. Na bastola huenda pamoja nao.

Sasa tutazame sheria. Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ilichukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Gobole nalo limo katika sheria hii, hata kama lilitengenezwa na fundi wa kijijini na hata kama mzee alilirithi kwa baba yake. Mahakama zetu zimewahi kumfunga mtu miaka 20 kwa kukutwa na silaha bila leseni.

Leseni ni ya mtu mmoja aliyetajwa jina. Si ya nyumba, si ya ukoo, wala si ya rafiki. Neno hili tulishike vizuri, maana hapa ndipo mama muuza pombe anapoingia matatani.

Tuseme mama ana grosari karibu na machimbo. Mteja anaingia, ana bastola kiunoni, anaagiza bia. Mama anaogopa, lakini mteja huyu ni mnunuzi wa dhahabu na analipa vizuri. Basi mama anamwambia kwa heshima, "Shemeji, niachie hiyo nikutunzie, utaichukua ukiondoka." Shemeji anakubali. Mama anaiweka chini ya kaunta, juu ya kreti. Wote wawili wanaona wamefanya busara.

Kumbe sasa mambo yameharibika zaidi. Mama hana leseni, na silaha iko mikononi mwake. Polisi wakiingia saa ile, watamkuta yeye nayo. Mwenye bastola naye ameikabidhi kwa mtu asiyeruhusiwa. Na usiku, shemeji akishalewa, atarudi kaunta kudai mali yake. Mama atamkatalia kwa nguvu gani?

Kwa hiyo mama asipokee kabisa. Amwambie mteja aipeleke kwanza nyumbani, aifungie, ndipo arudi. Grosari ni ya mama, na anayo haki ya kukataa kumhudumia mtu aliyekuja na silaha. Tunajua kusema hivi gazetini ni rahisi kuliko kumwambia mtu mwenye bastola. Ndiyo maana tunaona kazi hii asiachiwe mama peke yake.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wamesumbuka na jambo hili. Katika jimbo la Tennessee, huko Marekani, mwaka 2009 walitunga sheria kwamba mwenye kibali anaweza kuingia na bunduki katika mgahawa unaouza pombe, mradi yeye asinywe. Sheria ilisema mgahawa ni mahali ambapo kazi kubwa ni kuuza chakula. Watu wakauliza, mtu aliye mlangoni atajuaje kama humo ndani wanauza chakula zaidi au pombe zaidi? Novemba mwaka huo huo jaji aliifuta sheria hiyo kwa sababu haikueleweka. Mwaka 2010 wakatunga nyingine. Kutokunywa kulibaki kuwa sharti, na mwenye baa aliruhusiwa kubandika tangazo la kukataza bunduki.

Tusiwacheke. Hapa kwetu nyumba moja huuza chai na chapati asubuhi, wali mchana, na jioni ni bia na komoni. Je, hiyo ni hoteli au kilabu?

Huko Kenya, Januari 2020, kijana mpiga muziki alipigwa risasi ndani ya klabu mjini Nairobi. Mbunge Babu Owino alishtakiwa, na shtaka moja lilihusu kufanya fujo akiwa amebeba silaha. Desemba 2023 mahakama ilimwachia huru kwa kuwa upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa hilo. Karibu miaka minne ilipita, na kijana yule alikuwa amelazwa hospitali kwa miezi. Kwetu pia, mtu aliwahi kuuawa kwa risasi katika baa moja ya Sinza, Dar es Salaam.

Kuna wanaosema eti, "Nilikuwa nimelewa, mahakama itanielewa." Kanuni ya Adhabu haisemi hivyo. Mtu aliyekunywa kwa hiari yake hawezi kujitetea kwa ulevi tu. Pengine ulevi utafanya kosa la kuua kwa kukusudia lihesabiwe kuwa kuua bila kukusudia. Lakini hata kuua bila kukusudia adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kanuni hiyo hiyo inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kwa hiyo wenye mapanga na sime wasidhani wao hawahusiki.

Kijiji kifanye nini? Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wananchi huitwa mkutanoni watoe maoni, kisha sheria hupelekwa halmashauri ya wilaya ikubaliwe. Sheria ndogo haiwezi kupinga sheria ya nchi, lakini inaweza kuweka utaratibu wa vilabu vya hapa: tangazo mlangoni kwa herufi kubwa, na nani aitwe mteja akikataa kuondoka. Wazee wanakumbuka sungusungu walivyoanza Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wananchi walikaa, wakakubaliana. Safari hii makubaliano yaandikwe, na askari polisi wa kata aalikwe asome masharti ya leseni mbele ya watu wote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Katika kijiji chenu, nyumba zipi huuza chakula na pombe pamoja? Tangazo libandikwe wapi?

Mama wa grosari amwite nani usiku, na mtu huyo anakaa umbali gani?

Mwenye gobole la urithi lisilo na leseni, nani atamsindikiza kituo cha polisi kuuliza afanye nini kabla halijakutwa nyumbani kwake?

Someni kwanza maneno yaliyo kwenye leseni moja, kama mwenye nayo atakubali, halafu mjibu.