Kutazama Kabla ya Kuhukumu: Maonyesho ya Sanaa ya Kisasa kama Darasa la Afya

Utangulizi

Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliopima muda ambao wageni wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan, jijini New York, waliutumia mbele ya picha mashuhuri. Nusu ya matazamo yote hayakuzidi sekunde 17. Mwaka 1984, utafiti mwingine wa nchini Marekani ulichunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wao, ukabaini kuwa daktari, kwa wastani, alimkatiza mgonjwa kauli sekunde 18 tu baada ya mgonjwa kuanza kueleza kilichomleta. Tarakimu hizi mbili hazipimi jambo moja, wala hazifai kulinganishwa kama mizani miwili ya sukari. Hata hivyo, zote zinagusa tabia moja ya binadamu: kudhani kwamba amekwisha kuona kabla hajatazama.

Somo hili linahusu namna ya kutembelea maonyesho ya sanaa ya kisasa katika jumba la sanaa la taifa, na faida ambayo mwanafunzi wa tiba, muuguzi, mgonjwa na mwananchi wa kawaida anaweza kuipata huko. Litaeleza pia mipaka ya faida hiyo, kwa kuwa dawa isiyotajiwa mipaka yake haiaminiki.

Jumba la sanaa la taifa na sanaa ya kisasa

Jumba la sanaa la taifa ni taasisi ya umma inayokusanya, kuhifadhi na kuonyesha kazi za sanaa kwa niaba ya wananchi. Jijini Harare, Jumba la Sanaa la Taifa la Zimbabwe lilifunguliwa mwaka 1957. Kampala ina Nommo Gallery, iliyoanzishwa mwaka 1964. Nairobi Gallery imo katika jengo la zamani la ofisi ya mkuu wa mkoa, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Jijini Dar es Salaam, Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, katika Mtaa wa Shaaban Robert, hupokea maonyesho ya wasanii, na Nafasi Art Space iliyoko Mikocheni, ingawa si taasisi ya serikali, imewafungulia milango wasanii na watazamaji wa sanaa ya leo.

Sanaa ya kisasa inayozungumzwa hapa ni ile ya wasanii wa zama zetu. Haibanwi na rangi na turubai pekee. Inaweza kuwa kitambaa, sauti, video, waya au vyombo vilivyokwisha kutumika nyumbani. Kwa sababu hiyo, mtu aliyezoea picha za Tingatinga au vinyago vya Kimakonde huenda akasimama mbele ya nguo iliyotundikwa ukutani na kujiuliza, «Hii nayo ni sanaa?» Swali hilo halina aibu yoyote. Mtazamaji anayejiuliza hivyo tayari ameanza kazi, mradi asiondoke kabla ya kutafuta jibu.

Jicho la tabibu hufunzwa wapi?

Uchunguzi wa mgonjwa huanza kwa macho. Kabla ya kugusa tumbo au kusikiliza kifua, tabibu hutazama rangi ya ngozi na ya viwambo vya macho, mwendo, namna mgonjwa anavyoketi, nani amemsindikiza na nani anamjibia maswali. Mambo haya yameandikwa katika vitabu vyetu vyote. Lililo gumu ni kumfunza mtu ayaone.

Katika Chuo Kikuu cha Yale, daktari wa ngozi Irwin Braverman na mwelimishaji wa sanaa Linda Friedlaender waliwapeleka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari kwenye jumba la sanaa ya Uingereza la chuo hicho. Kila mwanafunzi alitazama picha kwa makini, kisha akaieleza kwa wenzake pasipo kusoma maelezo yaliyobandikwa kando yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa wanafunzi hao walieleza picha za wagonjwa kwa usahihi zaidi kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Mwaka 2008, watafiti wa Harvard nao waliripoti kwamba wanafunzi waliopitia mafunzo ya kutazama sanaa waliongeza idadi ya mambo waliyoyabaini katika picha walizopewa, kuliko wenzao wasioyapitia.

Sababu yake inaeleweka. Mbele ya mgonjwa, mwanafunzi hukimbilia jina la ugonjwa, na likishapatikana jina, macho hupumzika. Mbele ya picha asiyoijua, hana jina la kukimbilia. Hulazimika kusema anachokiona: mkono uko hapa, kivuli kinaangukia kule, mtu huyu amempa mwenzake kisogo. Kwa njia hiyo hujifunza kutenganisha kuona na kufasiri. Katika kumbukumbu za mgonjwa, huo ndio utofauti kati ya kuandika «mgonjwa ni mkaidi» na kuandika «mgonjwa hakujibu maswali matatu ya kwanza na alikuwa akitazama mlango». Sentensi ya kwanza inafunga mlango wa uchunguzi. Ya pili inauacha wazi.

Mfano: Everlyn Nicodemus jijini Edinburgh

Kuanzia Oktoba 2024 hadi Mei 2025, Jumba la Taifa la Sanaa ya Kisasa la Scotland, jijini Edinburgh, lilionyesha kazi za miongo mingi za Everlyn Nicodemus, msanii aliyezaliwa Marangu, mkoani Kilimanjaro, mwaka 1954. Alihamia Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1970, na maonyesho yake binafsi ya kwanza yalifanyika mwaka 1980 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kwa hiyo safari ya kazi zake kutoka ukumbi wa taifa mmoja hadi ukumbi wa taifa mwingine ilichukua zaidi ya miaka 40.

Kwa wahudumu wa afya, mambo mawili katika kazi zake yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni usikilizaji. Katika mradi wake uitwao Woman in the World wa miaka ya 1980, Nicodemus alizungumza na wanawake katika mji wa Skive nchini Denmark, nchini Tanzania na katika jiji la Kolkata nchini India, kisha akachora na kuandika mashairi kutokana na aliyoyasikia. Mazungumzo ndiyo yaliyotangulia, rangi ilifuata.

La pili ni kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtu kupitia jambo la kutisha au la kudhalilisha. Nicodemus ameeleza hadharani kuhusu kiwewe chake mwenyewe na nafasi ya sanaa katika kukikabili, na tasnifu yake ya uzamivu ilihusu sanaa ya kisasa ya Afrika na kiwewe cha kitamaduni cha watu weusi. Picha yake ya mwaka 1982 aliyojichora mwenyewe, ambayo sasa ni mali ya Jumba la Taifa la Picha za Watu jijini London, ina nyuso kadhaa zilizoingiliana katika umbo moja. Mtazamaji wa haraka atasema ni uso. Mtazamaji mvumilivu ataanza kuzihesabu nyuso.

Hapa ndipo ukumbi wa sanaa unapokutana na chumba cha kliniki. Katika zahanati na hospitali zetu, mtu mwenye kiwewe ni nadra kusema «nina kiwewe». Huja na kichwa kinachouma kwa miezi, moyo kwenda mbio, tumbo lisilotulia au usingizi uliopotea. Hupimwa malaria, hupewa dawa ya maumivu, hurudi nyumbani, kisha huja tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yapo maradhi ambayo mwenyewe hakuyaficha, ila hakuna aliyetulia kuyatazama. Anayezoea kusimama mbele ya nyuso zilizoingiliana, akangoja hadi ule wa tatu ujitokeze, anajizoeza subira ambayo mgonjwa huyu anaihitaji.

Tahadhari moja ni ya lazima. Picha si kipimo cha maabara. Si halali kwa daktari kutazama rangi nyekundu na kumpa msanii utambuzi wa ugonjwa. Nicodemus mwenyewe ndiye aliyesema, sisi tunasikiliza. Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, anatukumbusha jambo hilo kwa ukali zaidi. Katika mfululizo wa picha 12 za kubandika, alichukua kurasa za zamani za michoro ya kitabibu kuhusu uvimbe wa kizazi, akazifanya nyuso za wanawake. Mtazamaji analazimika kujiuliza: tulipokuwa tukichora ugonjwa, mwanamke mwenyewe alikuwa wapi?

Ushahidi unasema nini kuhusu afya ya mtazamaji?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Kanda ya Ulaya, lilitoa mapitio yaliyojumuisha zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya. Mapitio hayo yalionyesha kuwa sanaa ina nafasi katika kukinga maradhi, kukuza afya na kusaidia matibabu. Mwaka huohuo, utafiti uliofuatilia watu 6,710 wenye umri wa miaka 50 na zaidi nchini Uingereza kwa miaka 14 uliwaangalia waliokwenda kwenye makumbusho, maonyesho, michezo ya kuigiza au muziki. Waliokwenda mara moja au mbili kwa mwaka walikuwa na hatari ya kufariki iliyo chini kwa asilimia 14 kuliko wasiokwenda kabisa. Waliokwenda kila baada ya miezi michache au zaidi, kwa asilimia 31.

Tarakimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Watafiti walizingatia kipato, elimu na hali ya afya, na uhusiano ulibaki. Lakini uhusiano hauthibitishi usababishi. Mwenye nguvu za kutoka nyumbani, nauli na mwenza wa kwenda naye tayari ana mambo mengi yanayomlinda. Nchini Kanada, tangu mwaka 2018, madaktari waliweza kuwaandikia wagonjwa ziara ya bure kwenye Jumba la Sanaa la Montreal. Ziara hiyo haikuchukua nafasi ya dawa. Mgonjwa wa sonona, kisukari au shinikizo la damu aendelee na matibabu yake kama alivyoelekezwa.

Hatua za kufuata katika ziara

1. Chagua kazi tatu tu. Anayetaka kuona zote hurudi na uchovu wa miguu.
2. Simama au keti mbele ya kila kazi kwa dakika zisizopungua tano, na usisome maelezo ya kando kwanza.
3. Jiulize maswali matatu yanayotokana na njia ya kutazama iliyobuniwa na Abigail Housen na Philip Yenawine: kinatokea nini hapa? Nimeona nini hasa hadi nikasema hivyo? Kuna nini kingine ambacho bado sijakiona?
4. Mweleze mwenzako unachokiona, naye akueleze. Mkitofautiana, rudini kwenye picha kabla ya kubishana.
5. Ndipo usome maelezo, na utambue yaliyobadilika katika fahamu yako.
6. Ikiwa maonyesho yanahusu vita, ukatili au msiba, mjulishe mapema unayekwenda naye. Akitaka kutoka, atoke bila kuulizwa sababu. Huzuni au hofu ikidumu kwa siku nyingi baada ya ziara, amwone mtaalamu wa afya ya akili.

Hitimisho

Kutazama ni stadi, na stadi hukua kwa mazoezi. Ukumbi wa sanaa hauna foleni ya wagonjwa, wala hakuna atakayeumia mwanafunzi akikosea kufasiri. Ndiyo maana unafaa kuwa mahali pa kujizoeza. Walimu wa vyuo vya afya wanaweza kuanza na ziara moja kwa muhula, katika ukumbi ulio karibu, pamoja na daftari na kalamu. Asiye na ukumbi karibu atumie picha moja iliyotundikwa ukutani mwa darasa, kwa dakika tano zilezile.

Maswali ya kujipima

1. Andika sentensi tano kuhusu picha moja uliyoitazama. Ni zipi zinazoeleza ulichokiona, na ni zipi zinazoeleza ulichokidhani?
2. Chukua maelezo ya mgonjwa mmoja uliyemhudumia wiki hii, uyachambue kwa namna hiyohiyo.
3. Kwa nini utafiti wa Uingereza hauthibitishi kwamba kwenda kwenye maonyesho hurefusha maisha?