Bima ya Magari: Wajibu wa Mwenye Gari Inapotokea Ajali au Wizi

Wenye magari wengi hupokea hati ya bima, huihifadhi pamoja na kadi ya gari, na hawaisomi mpaka siku ya ajali. Hapo ndipo wanapotambua kwamba walichokinunua sicho walichokidhania. Makosa ya namna hii huwafika watumishi wa Serikali na wafanyabiashara kwa pamoja, na mara nyingi chanzo chake ni neno moja tu lisiloeleweka, nalo ni "mtu wa tatu".

Katika mkataba wa bima mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni shirika au kampuni ya bima, na wa tatu ni kila mtu mwengine anayedhurika kwa sababu ya gari hilo, kama vile mwenda kwa miguu, mpanda baskeli au dereva wa gari jengine. Uingereza iliifanya bima hii kuwa ya lazima kwa sheria ya barabara ya mwaka 1930, na sheria za mfano huo zikaenea katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wake, visiwa hivi vikiwemo. Shabaha yake haikuwa kumkinga mwenye gari. Ilikuwa ni kuhakikisha kwamba aliyevunjwa mguu, au mayatima wa aliyeuawa, hawakosi fidia kwa sababu tu aliyewadhuru ni fukara.

Kwa hiyo mwenye bima hiyo peke yake akiteleza na mvua na kuugonga mwembe, hana cha kudai kwa ajili ya gari lake. Gari likiibiwa au likiungua moto, vile vile hana cha kudai, isipokuwa kama aliongeza kinga ya moto na wizi na kuilipia. Wapo wanaoamini kwamba stika ya bima yatosha kwa kila jambo. Stika ni uthibitisho wa kuwepo bima. Aina ya bima na mipaka yake imo ndani ya hati.

Suala la mali ya mtu wa tatu nalo linahitaji kuangaliwa. Asili ya bima ya lazima ni kifo na majeraha ya mwili. Hati nyingi hulipia pia mali iliyoharibiwa, lakini kwa kiwango kilichotajwa. Katika msimu wa karafuu kisiwani Pemba, majamvi huanikwa pembezoni mwa barabara, na gari likiacha njia laweza kuharibu mavuno ya mwaka mzima ya jamaa moja. Iwapo hasara imezidi kiwango cha hati, au hati haitaji mali kabisa, kinachobaki humwangukia aliyesababisha ajali, na mahakama yaweza kuamuru kilipwe kutoka katika mali yake mwenyewe.

Bima inayofahamika zaidi kwa jina la bima kubwa hulipia pia gari la mwenye bima. Hapa kosa la kawaida ni kutaja thamani ndogo ili ada ipungue. Tuseme gari lina thamani ya shilingi 20,000,000, na mwenyewe akaandikisha shilingi 10,000,000. Ajali ikitokea na matengenezo yakagharimu shilingi 4,000,000, na hati ina sharti la uwiano, atahesabiwa kuwa amekata bima ya nusu ya gari, na atastahiki shilingi 2,000,000 tu. Katika hizo hukatwa tena kile kiasi ambacho mkataba unamtaka mwenye gari akibebe mwenyewe katika kila ajali. Kutaja thamani kubwa kupita kiasi nako hakuna faida, kwani bima hurejesha hasara halisi, wala si mlango wa kuchumia.

Matumizi ya gari lazima yatajwe kwa ukweli. Gari lililoandikwa kuwa ni la matumizi binafsi likikutwa limepakia abiria wa kulipa, au limekodishwa kwa mgeni aendaye Nungwi, limetoka nje ya mkataba. Katika hali kama hiyo, hata pale ambapo sheria inalilazimisha shirika kumlipa majeruhi, shirika laweza kumgeukia mwenye gari na kumdai fedha hizo.

Je, mwenye gari anawajibika akiwa hakuwemo garini? Kwa kanuni za sheria ya Kiingereza zinazofuatwa pia katika mahakama za hapa, mwajiri hubeba kosa la mtumishi wake lililotendeka katika kazi aliyotumwa. Dereva aliyetumwa kutoka Vuga kupeleka barua Mkokotoni, akamgonga mtu njiani, amemwingiza mwajiri wake katika kesi. Lakini akiwa amekwisha kuzifikisha barua, kisha akaenda Makunduchi kwenye harusi kwa hiari yake, mambo hubadilika; tofauti hiyo iliwekwa na mahakama ya Uingereza tangu mwaka 1834. Mtumishi anayelichukua gari la ofisi kwa shughuli zake bila ya idhini hana budi kulifahamu hilo, kwa kuwa mzigo wa fidia waweza kubaki mabegani mwake.

Kumwazima gari ndugu au rafiki ni jambo jengine. Mwaka 1972 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba mwenye gari hawajibiki kwa kosa la mwendeshaji kwa sababu tu alimruhusu kulitumia, ikiwa safari haikuwa ya shughuli yake wala kwa niaba yake. Hata hivyo, anayempa gari mtu asiye na leseni, au ambaye hati haimruhusu kuliendesha, amejitia hatarini mwenyewe.

Yapo mazoea ya kumalizana barabarani. Pande mbili huamkiana, wazee huingia kati, mmoja hukiri kosa na kuahidi kulipa, na magari huondoka kabla ya polisi kufika. Suluhu ni jambo jema, lakini hati nyingi zinamkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila ya ridhaa ya shirika. Aliyeahidi hivyo aweza kujikuta akilipa kutoka mfukoni. Hasara ya majeruhi ni kubwa zaidi: maumivu ya ndani hujitokeza baada ya siku kadhaa, na kama hapana taarifa ya polisi wala maandishi ya hospitali, huwa vigumu kuthibitisha kwamba yalitokana na ajali ile. Pawepo na suluhu au pasiwepo, polisi waarifiwe, namba za magari na majina ya mashahidi yaandikwe, na shirika lijulishwe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa katika hati.

Kuhusu wizi, shirika huuliza kwanza ufunguo ulikuwa wapi. Gari lililoachwa Darajani likinguruma huku dereva yumo dukani halikulindwa kwa uangalifu unaotakiwa, na dai laweza kukataliwa. Vile vile, gari lililokabidhiwa kwa hiari kwa mkodishaji naye asilirejeshe, katika hati nyingi halihesabiwi kuwa limeibiwa, bali ni uaminifu uliovunjwa. Mwizi akimgonga mtu kwa gari aliloliiba, kwa kawaida mwenye gari hawajibiki, maana mwizi si mtumishi wake wala hakutumwa naye. Ndiyo maana saa ya kutoa taarifa ya wizi kituoni ina uzito mkubwa.

Mwananchi ambaye dai lake limekataliwa anayo haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Asiporidhika, aweza kulipeleka lalamiko lake kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inasimamia shughuli za bima Tanzania Bara na Zanzibar. Afike na nakala ya hati, taarifa ya polisi na barua zote alizoandikiana na shirika.