Chupa ya Chai, Matobolwa, na Shida ya Mwanafunzi wa Masumbwe Jijini Mwanza

Jioni moja ya mwezi wa Februari, bumu, yaani fedha yetu ya mkopo, likiwa limechelewa kwa wiki ya tatu, na mfukoni mwangu mkiwa na noti moja tu ya shilingi 2,000 ambayo nilikuwa nimeikunja mara nne ili nisishawishike kuitazama, nilisimama mbele ya kibanda cha chipsi kilicho karibu na lango la chuo chetu jijini Mwanza, nikaagiza chipsi kavu kwa adabu zote nilizofunzwa na wazee wangu wa Masumbwe. Muuzaji, ambaye jina lake nalisitiri si kwa kumstahi yeye bali kwa kujistahi mwenyewe, alivichota vipande, akavitafakari, akavirudisha vitatu karaini, ndipo akanikabidhi sahani. Nilivihesabu. Vilikuwa 19, na viwili miongoni mwake vilikuwa makombo yaliyoungua. Nilipomwuliza kwa upole kama viazi vimeadimika huko vinakolimwa, alinijibu kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima: "Kaka, mwenye njaa hahesabu."

Makala haya nayaandika kwa ajili ya neno lile. Muradi wangu ni kuwaeleza vijana watokao kwetu, katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, hatua sita za kula, kunywa na kustarehe usiku katika jiji la Mwanza pasipo kutahayari mbele ya foleni. Na nikipotea njiani nawaomba radhi mapema, maana kila nikivikumbuka vile vipande vitatu vilivyorudishwa karaini, mkono unaoshika kalamu hutetemeka.

Sitafundisha mtu kuandika matumizi yake kwenye daftari, kwa kuwa kila aliyefika chuoni amekwisha kuusikia wasia huo mara mia na kuuvunja mara mia na moja. Nitasema tu kwamba Bodi ya Mikopo, ambayo hapo awali ilitukadiria shilingi 8,500 kwa siku kwa chakula na malazi, iliongeza kiasi hicho hadi 10,000, na kwamba fedha hiyo, ingawa katika karatasi ni ya kila siku, humfikia mwanafunzi kwa mkupuo, mfano wa mvua za kwetu: leo mbuga imejaa maji hata ng'ombe hapiti, na kitambo kidogo baadaye ardhi imepasuka nyufa za kuingiza mguu.

Hatua ya kwanza ni kununua kitoweo Kirumba, katika soko la Mwaloni, ambako dagaa na samaki wakavu wa Ziwa Viktoria hushushwa kutoka visiwani na kupakiwa kwenda mbali, hata Kongo. Chagua dagaa walioanikwa juu ya chanja, uwaepuke walioanikwa mchangani. Wafikiche kiganjani karibu na sikio, na ukisikia mkwaruzo, wamwage, ushukuru, uende meza nyingine. Hatua ya kwanza imekwisha.

Hatua ya pili ni mapanki. Sangara, samaki mgeni aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, minofu yake huenda Ulaya kwa ndege, na kichwa na mifupa ya mgongo hubaki kwetu. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyaonyesha mapanki hayo kwa namna iliyowaghadhibisha wakubwa wa nchi, na ugomvi wao mimi siuingii. Natoa ushahidi tu kwamba kichwa cha sangara kilichochemshwa kwa ndimu na pilipili, kikanywewa supu yake alfajiri kabla ya mtihani, humpa mtu ujasiri ambao mtihani wenyewe haustahili. Nasema supu ya kunywa. Maana chuoni neno hilo lina maana ya pili, ya mtihani wa marudio, na supu ya maana ya pili hunywewa peke yako, wakati wenzako wako likizo.

Hatua ya tatu, ya kupika kwa chupa ya chai, ndiyo iliyonileta hapa, nami nitaieleza kwa kituo, nikianzia kwetu.

Masumbwe ni mji wa barabara. Malori yatokayo Isaka na Kahama hupita kwetu usiku na mchana yakielekea Rwanda na Burundi, na mji wenyewe, ambao ulikuwa wa Bukombe hadi ilipomegwa Wilaya ya Mbogwe mwaka 2012, mwaka ule ule ulipozaliwa Mkoa wa Geita, ulitulaza tukiwa watu wa Shinyanga ukatuamsha tukiwa watu wa Geita bila mtu kuhama kitanda. Usidhani kwamba chakula ni rahisi huko kwa sababu ni shamba. Kukizuka rashi mahali, wachimbaji wakakimbilia maduara mapya, bei ya sahani ya wali hupanda kabla habari ya rashi yenyewe haijafika masikioni mwa wazee. Na kijana wa shule, ambaye hana duara wala lori, hukaa mbali na moshi wa nyama choma akimeza mate. Kwa hiyo nilipofunga muhula, wiki mbili baada ya fedheha ile ya chipsi, sikwenda nyumbani kula mjini. Nilikwenda moja kwa moja kwa bibi, nikamsimulia kisa changu chote, pamoja na hesabu ya vipande.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mjukuu wangu, unanunua viazi kwa mtu anayekutukana, na kihenge changu kina viazi visivyosema neno?"

Akanipimia sado tatu. Sado, kwa wasioifahamu, ni kopo la rangi la lita 4 ambalo limekuwa kipimo cha masoko yetu pasipo kuomba ruhusa ya Wakala wa Vipimo. Na ya bibi ilikuwa na kitako kilichonyooka, tofauti na ile niliyopimiwa karanga sokoni Kahama nikirejea chuoni, ambayo kitako chake kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani kama tumbo la mtu aliyefunga siku tatu. Ingiza ngumi yako katika sado kabla ya kupimiwa. Mimi niliiingiza baada ya kulipa.

Katika mfuko mmoja bibi alitia sado mbili za michembe na moja ya matobolwa, naye hakunieleza tofauti yake, kwa kuwa hakuweza kudhani kwamba mjukuu aliyekula vitu hivyo miaka ishirini hakuwahi kuuliza vinavyotengenezwa. Basi sikilizeni, ninyi mliokuwa mkicheza mpira wakati bibi zenu wakianika. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vikiwa vibichi, vikaanikwa juani hadi vikakauka. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, vikaiva, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Vikiwa vikavu vyote viwili hufanana kwa mtu mjinga, na mimi nilikuwa mjinga.

Mabweni yetu yanakataza jiko, na hita ya maji hutaifishwa na mlinzi ambaye nashuku ana duka lake mahali. Nikajiuliza: ikiwa moto umeharamishwa, je, maji ya moto yameharamishwa? Mwenzangu wa chumba, mwenyeji wa Mtwara, alikuwa na chupa ya chai yenye maua mekundu, zawadi ya mama yake. Niliiazima, nikaenda kwa mama lishe aliye nyuma ya maktaba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chai?"

"Maji matupu, mama, yanayochemka."

Alinitazama kama atazamwavyo mgonjwa, akanijazia kwa shilingi 200. Nikatia michembe, nikafunga kizibo, nikalala usingizi wa mtu aliyeishinda serikali. Asubuhi nilipofungua, michembe ilikuwa migumu kama soli ya kandambili iliyoloweshwa, na maji yake yalitoa harufu ya godoro. Nilimpelekea mama lishe ushahidi ule. Alicheka hadi akaweka birika chini, maana kumbe yeye ni mzaliwa wa Maswa. Akachukua kipande kimoja, akakivunja kwa jino, akaniambia michembe ni kitu kibichi, hutaka sufuria na moto wa kweli, na kwamba kinachoweza kuiva ndani ya chupa ni kile kilichokwisha kuiva kabla ya kukauka. Nilikaa usiku mzima nikichambua mfuko wa bibi kipande kwa kipande, nikitafuna kila kimoja kukijua jinsi yake.

Jaribio la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu lilifaulu. Nilijaza matobolwa chupani hadi shingoni, nikisahau kwamba kitu kikavu kikinywa maji hufutuka. Na kulipokucha yalikuwa yameiva vizuri, yana harufu ya nyumbani, yamejikaza shingoni mwa chupa kama gogo mlangoni, hayatoki. Nilitikisa. Nilipindua. Nikachukua waya wa kutundikia nguo, nikachokoa, na pale nilipohisi kwamba yanalegea nikasikia sauti ndogo ya kioo. Chakula chote nilikitupa, maana vipande vya kioo na vya matobolwa havitengani kwa macho, na mtu wa Mtwara hakunisemesha kwa siku mbili.

Nilimnunulia chupa nyingine Makoroboi. Muuzaji aliniapia kwamba hutunza moto saa 24. Ilikuwa vuguvugu kabla ya adhana ya alfajiri. Na hapa natoa rai yangu bila kuogopa mtu: chupa zile za maua, zenye kioo ndani na shingo nyembamba kama ya twiga, ni mapambo ya kabati la sebuleni. Mwanafunzi anunue chupa ya chuma yenye mdomo unaopitisha mkono wa mtoto. Yangu niliipata mwezi wa pili wa muhula mpya, kwa fedha ambayo ingekuwa chipsi sahani saba, na kwa namna niijuavyo sasa, kazi huwa hivi: mimina kwanza maji ya moto kidogo, tikisa, yamwage, ili chupa yenyewe isinywe joto la chakula; tia matobolwa yasizidi theluthi moja; tia chembe ya chumvi na ukwaju wa kufinya kwa vidole viwili; jaza maji yanayochemka hasa, si yaliyosimama kungoja mteja; funga, uilaze chupa kwa ubavu. Saa sita au saba baadaye matobolwa yamelainika, ukwaju umekata utamu uliozidi, na ukiyapondea karanga zilizokaangwa umepata mlo utakaokufikisha saa nane mchana pasipo kutazama lango.

Nimemkumbuka mara nyingi Msiri, yule Msumbwa aliyetoka pande zetu na misafara ya biashara katika karne ya 19, akaweka himaya yake Bunkeya, Katanga, hadi alipouawa mwaka 1891. Sithubutu kudai kwamba alibeba matobolwa. Nasema tu kwamba mtu hatembei kutoka Usumbwa hadi kwenye shaba ya Katanga akitegemea muuzaji wa chipsi.

Sasa starehe, ambayo ilikuwa iwe hatua ya nne. Bia siikashifu, Balimi, ambayo jina lake kwa Kisukuma ni wakulima, naiona ina haki ya kuheshimiwa na mtoto wa mkulima, ila bia moja hunilia kahawa ya wiki, na hapo nasimama upande wa Africafe ya Bukoba, kijiko kimoja katika maji yaliyobaki chupani. Vijana wa miaka ya nyuma walisaidiwa, au walipotezwa, na viroba, hadi vilipopigwa marufuku Machi 2017; sisi tunasaidiwa na kibanda umiza, ambako kwa shilingi 500 unatazama mpira ukiwa umekaa juu ya benchi lililonyongwa na makalio ya watu tisa. Usiku wa Simba na Yanga nilikwenda na chupa yangu. Kufikia mapumziko ilikuwa imezunguka benchi zima, na jamaa mmoja wa Bariadi, ambaye timu yake ilikuwa nyuma kwa bao moja, alitafuna akiwa amefumba macho, akauliza kwa Kisukuma nani ameleta nyumbani hapa. Tangu siku hiyo kuna kikao cha Ijumaa ukumbini mwa bweni, saa tatu usiku: bao, kahawa, redio ya simu, na sado inayochangwa na kila anayetoka likizo.

Na mwezi wa Juni, fungeni daftari mwende Bujora, Kisesa, kwenye sikukuu ya Bulabo, ambako vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika hushindana, na mshindi huwa ni yule aliyevuta watu wengi zaidi kutoka upande wa pili. Disko la mjini hutoza kiingilio ili usimame gizani. Hapa utaona vijana wakirusha majembe katika ngoma ya bugobogobo mchana kweupe, na miguu yako ndiyo kura. Beba maji.

Mama lishe wa nyuma ya maktaba ameacha kunitoza ile 200. Hutaka matobolwa kiganja kimoja kila Jumatatu. Wengine walioiga wanalipa 300.

Jambo moja nililosahau: usitie maziwa. Niliyatia Jumamosi moja, kwa tamaa ya kula kama kwetu, kisha nikaalikwa harusini Igoma nikaisahau chupa chini ya kitanda. Mtu wa Mtwara aliifungua Jumatatu jioni akitafuta maji ya kunywea dawa, nasi tulilala chumba cha jirani hadi Jumatano.