Kadi, Pesa na Mlezi: Uanzie Wapi Kutafuta Haki ya Mwenye Ulemavu Nchini Kenya

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mtoto wangu ana kadi ya ulemavu, mbona pesa haziji?" Jibu lake halifurahishi. Kadi ni jambo moja na pesa ni jambo jingine. Zinatoka ofisi mbili, na aliyepata hii hana uhakika wa kupata ile.

Kadi hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya tathmini ya hospitali. Pesa ni zile Sh2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii, chini ya Idara ya Ulinzi wa Jamii, nazo zimetengewa familia maskini iliyo na mtu mwenye ulemavu mkubwa, asiyeweza kuachwa bila wa kumhudumia. Mwalimu asiyeona anayelipwa mshahara ana haki ya kadi, lakini Inua Jamii haimhusu. Na kuna anayestahili kabisa ila hajaandikishwa, kwa sababu orodha haifunguliwi kila siku: hufunguliwa serikali ikipata bajeti ya kuongeza majina, na habari hupitia kwa chifu na wasaidizi wake.

Hapo pana uonevu ambao hakuna aliyeukusudia. Anayeshinda nyumbani akimgeuza mgonjwa kitandani ndiye asiyefika kwenye mkutano wa chifu, na ndiye anayesikia habari usajili ukishafungwa. Basi mpe mzee wa kijiji au mhudumu wa afya ya jamii namba yako ya simu, umwambie waziwazi akupigie tangazo likitoka. Pia fika kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yako umweleze hali ilivyo, ili jina lenu liwe linajulikana kabla ya siku yenyewe.

Siku ya tathmini

Hapa ndipo wengi hujikosesha haki kwa heshima zao wenyewe. Tumelelewa kujibu "hajambo" hata mtu akiwa hoi, na kulalamika mbele ya daktari tunaona ni kama kukufuru. Chukua mfano wa kijana wa miaka 16 mwenye mtindio wa ubongo, aliyeletwa na mamake:

"Mama, anakula?"
"Anakula vizuri, daktari."
"Na kulala?"
"Analala, tunamshukuru Mungu."

Hakuna uongo hapo. Ila daktari hajaambiwa kwamba ugali wa kijana huyo lazima upondwe kwenye mchuzi hadi ulainike, na kwamba sahani moja huchukua saa nzima, kijiko kwa kijiko, mama akimwinua kichwa asipaliwe. Hajaambiwa kwamba usiku mama huamka mara tatu kumgeuza asitoke vidonda. Tathmini inataka kujua mtu anaweza kufanya nini bila msaada, na "anakula vizuri" likiandikwa kwenye fomu litasomwa kwamba anajilisha.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya kwenda, chukua daftari na uandike kila anachofanyiwa: saa ngapi, kwa muda gani, na nani. Chooni anajisafisha au anasafishwa? Akiachwa jikoni peke yake kuna hatari gani? Kifafa humshika mara ngapi? Siku mbaya iandike ilivyokuwa, na siku nzuri vivyo hivyo. Usitie chumvi, maana daktari ana macho, lakini usipunguze. Kwa usonji au ugonjwa wa akili daftari hilo lina uzito zaidi, kwa sababu mtu anaweza kutulia kabisa katika zile dakika chache za mbele ya daktari, kisha mkafika stendi ya matatu hashikiki.

Uliza mapema katika ofisi ya Baraza ya kaunti yako ni hospitali gani inayofanya tathmini na siku zipi, maana si kila hospitali inayoruhusiwa. Beba kitambulisho chako, kitambulisho cha mgonjwa au cheti cha kuzaliwa akiwa mtoto, na barua zote za kliniki, hata zilizochakaa. Cheti cha kuzaliwa ndicho hukwamisha wengi, hasa mtoto aliyezaliwa nyumbani. Kama hamna, anzeni na hicho. Fomu ikishasainiwa ipige picha kwa simu kabla haijatoka mkononi mwako.

Kujisajili na Baraza ni bure. Akitokea mtu wa kukuambia ana mwenyeji wake ndani na kwamba panahitajika "kitu kidogo", mwombe risiti ya serikali. Utaona atakavyokumbuka ghafla kwamba ana haraka.

Ukikataliwa

Ukiambiwa hustahili, usiondoke na jibu la mdomo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapoathiri haki yako, na kifungu cha 43 kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Huhitaji wakili. Barua ya mistari mitano yatosha: jina, namba ya kitambulisho, tarehe uliyofika, ulichoambiwa, na ombi la sababu. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Mara nyingi utagundua kwamba hukukataliwa hata kidogo: kitambulisho kinasema Wanjiru, fomu inasema Wanjiro, na mtambo umegoma. Hilo hurekebishwa. Kimya kikizidi, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman.

Nje ya Inua Jamii

Kadi ina faida zake hata bila pesa za kila mwezi. Mwenye ulemavu aliyeajiriwa anaweza kuomba KRA imwondolee kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Cheti cha msamaha huo kina tarehe ya mwisho, na kikiisha makato hurudi. Baraza pia husaidia kwa vifaa kama viti vya magurudumu, na wenye ualbino hupata mafuta ya kujikinga na jua. Kumbuka kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003, kwa hiyo kijitabu cha zamani kinachonukuu vifungu vya 2003 kiweke kando.

Mlezi mwenyewe

Inua Jamii haimlipi mlezi kwa jasho lake. Hata malipo yakipitia kwa jina lako, pesa ni za kumtunza mgonjwa. Namba ya siri ni yako: asipewe wakala, wala mjukuu anayejua simu kuliko wewe.

Jambo ambalo familia hulisahau ni mlezi wa pili. Mlezi akifariki, au akipata kazi Saudia, malipo hukwama huku mgonjwa akiendelea kuhitaji nepi na dawa. Kubalianeni mapema nani atashika nafasi hiyo. Siku ya mabadiliko, mlezi mpya afike kwa afisa wa maendeleo ya jamii na kitambulisho chake, barua ya chifu, na nakala ya kadi ya mgonjwa.